Kabla Hujaingia Duka la Magauni: Hotuba ya Fundi kwa Mabibi Harusi Watarajiwa

Mabibi harusi watarajiwa, mama zetu, mashangazi, dada na mashoga mliokuja kuwasindikiza, na wewe kaka uliyekaa kule nyuma ukijifanya umekuja kumsubiri mtu: habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mtaalamu wa magauni ya harusi. Nipunguzieni cheo. Mimi ni fundi wa kurekebisha. Gauni likishachaguliwa, likashangiliwa na likalipiwa, ndipo linaletwa kwangu ndani ya mfuko mrefu wenye zipu, na mwenye gauni ana sura ya mtu anayetaka kuuliza jambo huku akiogopa jibu. "Fundi, hapa panaweza kuachiwa kidogo?" "Fundi, mbona dukani halikuwa hivi?" Sifiki wakati wa vigelegele. Nafika wakati wa pini.

Na huko kwenye pini nimejifunza jambo moja, nalo ndilo nililokuja kuwaambia. Magauni mengi yanayowaliza watu wiki mbili kabla ya harusi hayana ubaya wowote. Ni mazuri, yameshonwa vizuri. Shida ni kwamba yalinunuliwa ili yatazamwe, na wenyewe wakasahau kwamba watayavaa.

Hebu fikirieni kazi za gauni hilo. Utalivaa asubuhi, ulivue usiku. Utasimama nalo, utakaa nalo, utaingia nalo garini na kutoka. Utakumbatiwa na watu ambao wengine hata huwakumbuki. Utakula, utacheza, na mniwie radhi wazee wangu, utakwenda nalo msalani. Hakuna nguo nyingine maishani utakayoidai kazi zote hizo kwa siku moja. Tena unainunua ukiwa hujawahi kununua mfano wake. Suruali umezinunua tangu ujana. Unaijua inayokubana kabla hata ya kuijaribu. Kwa gauni la harusi wewe ni mgeni kabisa, halafu watu wanakutazamia ulifahamu kwa kulitupia jicho tu.

Ndiyo maana nasema, na wenye maduka wataninunia: safari yako ya kwanza dukani usinunue. Acha pesa nyumbani kama hujiamini. Safari ya kwanza ni ya kuujua mwili wako ndani ya nguo ya aina hiyo. Jaribu gauni pana lililofura, jaribu lile lenye umbo la herufi A linaloachia kuanzia kiunoni, jaribu lililonyooka, jaribu la mkato wa nguva linalobana hadi magotini, hata kama umeapa hutalivaa. Hasa lile uliloapa. Nimeona wengi waliotoka nyumbani na picha moja kwenye simu, wakajaribu mtindo huo mmoja, wakautetea kama kesi, kumbe mkato wa pili yake ndio ungewapa raha.

Nitoe na duku duku langu kuhusu machozi. Filamu na vipindi vya televisheni vimewafundisha kwamba gauni lako ukilivaa utalia, mama atalia, na muuzaji naye ataleta kitambaa cha kufutia. Wengine hulia kweli. Wengi hawalii. Kuna mwanamke anajitazama kwenye kioo, anageuka kushoto, anageuka kulia, anasema "naam, hili," basi yamekwisha. Msisubiri machozi kama muhuri wa serikali. Na kinyume chake: ukilia, ngoja kesho yake. Taa za dukani, muziki, jukwaa dogo lililozungukwa na vioo na watu watano wakipiga makofi vinaweza kumliza mtu hata akiwa amevaa gunia.

Sasa tuje kwenye namba, maana ndiyo itakayokuchoma kwanza. Kama nguo zako za kila siku ni saizi 12, muuzaji anaweza kukuandikia 14, pengine 16. Hujanenepa njiani. Watengenezaji wengi wa magauni ya harusi wana majedwali yao ya vipimo, na kwa kawaida saizi zao ni ndogo kuliko za nguo za kutokea. Mbaya zaidi, hawafanani wao kwa wao. Kwa hiyo namba iliyo kwenye lebo ya ndani haina maana yoyote nje ya karatasi ya mtengenezaji huyo mmoja. Mwambie muuzaji akuoneshe jedwali lenyewe. Pimwa kifua, kiuno na makalio kwa mkanda, uone namba zako zinaangukia wapi. Mara nyingi hazitakuwa mstari mmoja: kifua kitasema hivi, makalio yatasema vile. Hapo agiza kwa kufuata sehemu iliyo kubwa zaidi. Sisi mafundi kupunguza tunaweza karibu siku zote. Kuongeza kunategemea akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani ya mshono, na akiba hiyo ikiwa haipo, hakuna fundi wa kuitoa hewani.

Na tafadhali, agizeni kwa mwili mlio nao leo. "Nimeliagiza dogo makusudi, fundi, linipe bidii ya kupungua." Maneno haya nikiyasikia natafuta kiti. Akipungua, sawa. Asipopungua, anatumia miezi yake ya uchumba kuogopa zipu. Gauni linalokutosha leo likipwaya kesho, ni kazi ya jioni moja. Gauni lisilofunga wiki ya harusi ni kuweka vipande vya pembeni, au kuondoa zipu na kuweka vitanzi na kamba mgongoni, na vyote hivyo vina gharama yake na kitambaa kinachofanana lazima kipatikane.

Nibaki hapo hapo kwenye kioo cha duka, maana kuna mchezo unaofanyika nyuma ya mgongo wako, kwa maana halisi kabisa. Magauni yanayotundikwa dukani ni ya kujaribia. Kwa kawaida kila mtindo una saizi moja, pengine mbili. Ukiwa mwembamba kuliko gauni, muuzaji anasimama nyuma yako na vibanio vikubwa, anakusanya kitambaa kinachopwaya, anakibana kuanzia juu mgongoni hadi kiunoni, kisha anakugeuza uso kwa kioo. Mbele malkia, mgongoni kamba ya kuanikia nguo! Ukiwa mnene kuliko gauni, zipu inaachwa wazi na kipande cha kitambaa kinapitishwa kuziba pengo. Kwa vyovyote vile, unachokiona si gauni utakaloletewa. Kibanio kinavuta kitambaa kwenda sehemu moja tu, nyuma. Fundi anapunguza kwenye mishono ya pembeni na kwenye mishono inayopanda kutoka kiunoni hadi kifuani, na akifanya hivyo ua la lesi linahama, mstari wa shanga unasogea, kifua kinakaa kwingine.

Kwa hiyo omba jambo dogo. Mwambie muuzaji aondoe vibanio vyote, usimame gauni likiwa limepwaya hivyo hivyo kwa dakika moja. Tazama mabega. Tazama kifua kinakoishia na kiuno cha gauni kinakoangukia: je, ni kwenye kiuno chako, au kimeshuka vidole vitatu? Urefu wa kiwiliwili na mabega ndivyo vigumu kubadilisha. Upana wa kiuno na pindo ni kazi ya kila siku. Gauni ambalo mabega yake yamekaa bila msaada wa kibanio, hilo tutaelewana nalo.

Kisha lifanyie gauni mtihani. Inua mikono yote miwili juu kama unayemkumbatia mtu mrefu. Ikiwa kifua kizima kinapanda nayo, au mikono ya gauni inakataa kabla hujafika usawa wa mabega, hutaweza kucheza wala kurekebisha shela kichwani. Kaa kwenye kiti cha kawaida, si kile kirefu cha duka. Vuta pumzi hadi chini ya tumbo. Magauni yasiyo na mikono hushikiliwa na vijiti vya plastiki au chuma vilivyoshonwa ndani ya bodi, yaani sehemu ya juu ya gauni, na uzito wake unapaswa kubebwa kiunoni. Kama unajikuta unalipandisha kila baada ya hatua chache, kiuno ndicho kilegevu, hata kama kifuani linabana. Panda ngazi mbili tatu. Tembea kurudi nyuma. Inama uokote kitu. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae. Siku ya harusi hatakuwepo.

Vaeni kwa kujiandaa. Njooni na sidiria isiyo na mikanda, nguo za ndani zisizoacha alama na zinazokaribiana na rangi ya ngozi, na viatu, au hata viatu vyovyote vyenye kisigino cha urefu mtakaovaa siku hiyo. Ukinijia na kandambili nikakukatia pindo, halafu ukavaa mchuchumio, gauni litapanda na vifundo vya miguu vitakuwa nje. Ukifanya kinyume chake, utalikanyaga. Mimi pindo silikati mpaka nione kiatu chenyewe. Uso nao uwe mkavu, bila poda wala rangi ya mdomo. Gauni linapita kichwani, na alama ya rangi ya mdomo ndani ya ukosi wa lesi nimeifuta mara nyingi kuliko ninavyopenda. Wale waliotengeneza gauni la Catherine Middleton alipoolewa na Prince William wa Uingereza mwaka 2011 walikuwa wananawa mikono kila baada ya nusu saa na kubadilisha sindano kila baada ya saa tatu, ili lesi na uzi vibaki safi. Wewe si lazima ufike huko. Nawa tu kabla ya kushika.

Vitambaa. Hapa ningeweza kuongea hadi jioni, lakini mwenyekiti ananitazama.

Hariri ni uzi. Satini ni namna ya kufuma. Kuna satini ya hariri, na kuna satini ya poliesta, na hiyo ya pili ndiyo iliyojaa madukani. Poliesta si dhambi. Haikunjamani upesi, bei yake ni nafuu, na inang'aa. Ila hainywi jasho, kwa hiyo kama harusi yako ni ya mchana wa joto, ukivaa tabaka tatu za poliesta na bitana yake utaona. Uliza bitana ni ya nini, maana ndiyo inayogusa ngozi. Watu wanauliza kitambaa cha nje tu. Satini, iwe ya uzi gani, inaonesha tone la maji na inaonesha mstari wa nguo ya ndani. Krepe ni laini na inaanguka vizuri mwilini, lakini haina siri: kila kinachobana chini yake kinajitangaza. Shifoni ni nyepesi na ina huruma. Neti ni nyepesi pia, ila hung'ang'ania pete, hereni, hata ukucha. Lesi nzito yenye shanga ni nzuri sana mpaka unapolibeba gauni mkononi. Omba ulishike kwenye hanga kabla ya kulivaa, ujue utabeba kilo ngapi kutwa nzima.

Halafu tafeta, kile kitambaa kigumu kidogo chenye mng'ao. Tarehe 29 Julai 1981 Lady Diana Spencer aliolewa na Prince Charles, mrithi wa ufalme wa Uingereza wakati huo, katika kanisa kuu la St Paul's, London, na gauni lake la tafeta ya hariri lilikuwa na mkia wa zaidi ya mita 7. Wabunifu wake, David na Elizabeth Emanuel, walikuwa na kila kitu mkononi. Lakini mkia wote huo ulikunjwa ndani ya kigari cha farasi pamoja na bibi harusi na baba yake, ambaye hakuwa mtu mdogo, na bibi harusi aliposhuka mamilioni ya watu duniani waliona mikunjo. Haikumzuia kupendeza. Ila kama gauni la binti wa kifalme lilishindwa na kiti cha gari, lako pia litashindwa. Mkiwa dukani, muombeni muuzaji ruhusa, mkamate kitambaa cha sehemu isiyoonekana, mkifumbate kwa ngumi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, mkiachie. Kitakachobaki kwenye kitambaa ndicho kitakachobaki mgongoni mwako ukishuka garini.

Kuhusu weupe, nitakuwa mfupi. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa gauni jeupe la satini lenye lesi ya Honiton, na tangu hapo mtindo ukaanza kusambaa kidogo kidogo. Hakuwa wa kwanza kuvaa nyeupe, ila michoro yake ilifika mbali. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu hata baada yake, wanawake wengi wa Ulaya na Marekani walivaa gauni lao zuri kuliko yote, liwe la buluu, jekundu au kahawia, kisha wakaendelea kulivaa kwenye shughuli nyingine. Nyeupe ilikuwa rangi ya mwenye uwezo, kwa sababu kuifua ilikuwa taabu. Basi ukipenda rangi nyingine, usiombe radhi kwa mtu. Ukitaka nyeupe, jua kwamba hakuna nyeupe moja. Ile nyeupe pe huwa ni ya uzi wa kiwandani au iliyotiwa dawa. Hariri ya asili huelekea kwenye maziwa. Kuna rangi ya pembe ya ndovu, kuna krimu, kuna ile yenye bitana ya rangi ya ngozi chini ya lesi. Sogea dirishani uitazame kwa mwanga wa jua, karibu na uso. Na mkumbuke anayesimama pembeni yako: akivaa shati jeupe pe na wewe umevaa rangi ya pembe, gauni litaonekana limechakaa kwenye kila picha. Mwambieni mapema. Kaka wa nyuma, umesikia.

Nimekuja na gauni hili hapa, na nimeligeuza ndani nje makusudi, maana hivi ndivyo mimi ninavyoyasoma. Tazameni mshono huu wa pembeni. Kutoka kwenye mstari wa uzi hadi mwisho wa kitambaa ni kama upana wa vidole viwili: hiyo ndiyo akiba niliyowaambia. Sasa tazameni huu wa chini ya kwapa: umekatwa karibu kabisa na uzi. Hapa hakuna cha kuongezwa hata nusu sentimita. Zipu imeshonwa kwa mkono juu ya kitambaa cha ziada ili meno yasiguse ngozi, vizuri. Shanga: nikivuta uzi mmoja, hivi, je, zinaanguka zote au inaanguka moja? Zikifungwa moja moja, unapoteza moja. Zikishonwa kwa uzi mmoja mrefu, ukikatika pale ukumbini utaacha njia ya shanga hadi mlangoni. Na hapa nyuma kiunoni, mnaona vitanzi hivi vidogo na vifungo vilivyofichwa? Hivi vinapandisha mkia. Mkia haukai chini usiku kucha. Lazima uwe na mahali pa kupachikwa ili ucheze. Kama gauni lako halina, uliza nani ataviweka, na mchukue mtu mmoja afundishwe kuvifunga. Si wewe. Wewe utakuwa umegeuka mgongo.

Geuzeni magauni. Dakika moja ya kulitazama gauni kwa ndani inakuambia mengi kuliko nusu saa mbele ya kioo.

Sasa kalenda. Gauni la kuagiza kutoka kwa mtengenezaji huchukua kwa kawaida miezi minne hadi sita kufika, na mengine zaidi. Likishafika, linahitaji kupimwa na kurekebishwa mara mbili au tatu, na pima ya mwisho iwe wiki moja au mbili kabla ya siku yenyewe, si mapema zaidi, kwa kuwa miili hubadilika mtu akiwa na mawazo. Piga hesabu kurudi nyuma utaona kwamba anayeagiza aanze miezi tisa hadi mwaka kabla. Kama umebakiwa na miezi miwili, usihangaike na kuagiza. Nunua lililopo dukani, kodi, au tafuta fundi. Na usiniletee gauni siku tatu kabla ukaniita mchawi nikikataa.

Kuna mama mmoja ambaye sisi wa cherehani tunapaswa kumjua. Ann Lowe, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama, ndiye aliyeshona gauni la Jacqueline Bouvier alipoolewa na John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, tarehe 12 Septemba 1953. Siku kumi hivi kabla ya harusi bomba lilipasuka, maji yakafurika karakana yake, yakaharibu gauni la bibi harusi pamoja na magauni mengi ya wasimamizi. Kazi ya takriban miezi miwili ilikuwa imekwenda na maji. Akanunua kitambaa kingine, akaita wasaidizi, wakashona upya mchana na usiku, na gauni likafika. Gharama alizibeba mwenyewe, na magazeti ya wakati huo kwa sehemu kubwa hayakulitaja jina lake. Nalisimulia hili kwa heshima yake, na pia kwa sababu ya hesabu: Ann Lowe alikuwa na siku kumi na mikono mingi. Wewe ukiwa na siku tatu, una mikono ya nani?

Mnaosindikiza, hii ni yenu. Watu wawili au watatu wanatosha. Wakizidi hapo mnakuwa baraza, na baraza huwa linataka muafaka. Sheria yangu ni moja: anayezungumza kwanza ni aliyevaa. Akitoka nyuma ya pazia, mnyamaze. Subirini aseme. Shangazi akisema "hapana" kabla binti hajajitazama, binti hataliona tena gauni, atauona uso wa shangazi. Na nani analipa? Lizungumzeni nyumbani, kwa namba, kabla ya kuondoka. Nimesikia kwamba mabishano makali hutokea mbele ya muuzaji kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine anajua kiwango. Bibi harusi, taja bajeti yako yote kwa muuzaji huku ukiwa umeshaondoa kichwani mwako pesa ya marekebisho, shela, sketi ya ndani na kusafisha. Mwambie asikujaribishe lililo juu ya hapo. Ukishalivaa lisilo la uwezo wako, yote ya uwezo wako yatageuka kuwa mabaya.

Kwenye malipo, kila kitu kiwe maandishi. Risiti iandikwe jina au namba ya mtindo, rangi, saizi, mabadiliko yoyote mliyoahidiana, tarehe ya gauni kufika, kianzio ulicholipa na kama kinarudishwa au la. Mara nyingi hakirudishwi. Iandikwe pia kama marekebisho yamo ndani ya bei. "Usijali dada, tutakurekebishia" ni maneno matamu, lakini hayana saini.

Wanaokodi mnajua msemo: nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa gauni la harusi mimi siukubali. Binti wa kifalme wa Uingereza, Beatrice, aliolewa Julai 2020 akiwa amevaa gauni la bibi yake, Malkia Elizabeth II, lililobuniwa na Norman Hartnell miongo mingi kabla. Wakaliongezea mikono ya oganza na kulirekebisha, na lilimkaa kama lilikuwa likimsubiri. Kukodi na kuazima ni akili, mradi ulikague mchana kweupe pamoja na mwenye duka, mpige picha doa na tundu lolote lililopo, mkubaliane ni marekebisho gani yanaruhusiwa, nani anasafisha, na ukichelewa kurudisha itakuwaje. Waulize pia limekodishwa kwa nani wiki inayotangulia harusi yako. Hapo ndipo penye hatari.

Wanaoshonesha, mwombeni fundi awaoneshe kazi zake zilizokwisha, mzione zikiwa zimevaliwa, si picha alizozitoa mtandaoni. Mwambieni aanze na gauni la majaribio la kitambaa hafifu, alikate na kulifumua mwilini mwako kabla mkasi haujagusa lesi. Fundi anayekataa hatua hiyo kwa gauni la harusi, mimi nisingempa kitambaa. Na picha zako ziwe tatu, si thelathini: hii kwa ajili ya mikono, hii kwa ajili ya mgongo, hii kwa ajili ya sketi. Anayenunua mtandaoni aombe picha ya gauni lenyewe likiwa limetandikwa kitandani, mbele, nyuma na ndani, na asome masharti ya kurudisha kabla ya kulipa.

La mwisho, kwa sababu hakuna anayelisema dukani. Baada ya harusi gauni lipelekwe kusafishwa mapema, hata kama linaonekana safi. Soda nyeupe, juisi na vinywaji vya rangi ya maji vikikauka havionekani, lakini sukari iliyobaki kwenye uzi hugeuka rangi ya kahawia miezi kadhaa baadaye, na hapo doa halitoki. Waoneshe wasafishaji mahali palipomwagikiwa. Usilihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Lifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, mahali pakavu pasipopigwa jua, na usilitundike kwa miaka kama ni zito, maana uzito wake wenyewe utavuta mabega.

Mwenyekiti amesimama, kwa hiyo nami nakaa. Vipande vya vitambaa viko kwenye meza ile ya dirishani: satini mbili, krepe, tafeta, neti na lesi. Viguseni, vifumbateni, vitieni hata tone la maji. Gauni hili litabaki hapa likiwa limegeuzwa. Tutaanza na maswali ya ambao bado hawajanunua. Aliyekwisha kununua na anataka kuniuliza jambo, anifuate pembeni baadaye, na aje na risiti.